Mwalimu Skolastika na Korona ya Mezani

Wasifu wa Marehemu Mwalimu Skolastika Sipriani Chilumba (1952–2006), uliosomwa kijijini Tingi siku ya mazishi yake

Padri, viongozi wa kijiji, walimu, majirani wa Tingi, na ninyi mliotoka Lindi na Kitomanga kwa barabara mnayoijua wenyewe, familia inawashukuru kwa kufika. Tumeombwa tueleze kwa ufupi Mwalimu alikuwa nani. Tutajitahidi. Yeye mwenyewe angeyapitia maneno haya kwa kalamu nyekundu kabla hayajasomwa, na huenda yangerudi kwetu yakiwa na michoro mingi kuliko maandishi.

Marehemu alizaliwa tarehe 10 Februari 1952 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge lililokuwa nje kidogo ya mji wa Lindi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Sipriani Chilumba na Mama Consolata. Siku hiyo ni ya Mtakatifu Skolastika, kwa hiyo jina halikuleta mjadala. Baba yake alikuwa ameshuka kutoka uwanda wa Makonde kutafuta kazi, akapewa kazi ya kulisha korona. Kwa vijana ambao hawakuiona, korona ilikuwa mashine kubwa ya kuchakata mkonge. Majani mabichi yaliingia upande mmoja, yakapigwa na ngoma ya chuma yenye visu butu huku maji yakimwagika juu yake, na upande wa pili zikatoka nyuzi nyeupe zinazoning'inia kama nywele za mzee. Ngurumo yake ilisikika mpaka kambini.

Mchana Skolastika alitumwa kumpelekea baba yake chakula. Watoto wengine waliacha bakuli na kukimbia, kwa sababu ya kelele na harufu. Yeye alibaki amesimama. Ukubwa wa mashine haukumshangaza sana. Alisema baadaye kwamba kilichomshika ni ile nafasi nyembamba kati ya ngoma na ukuta wake. Ngoma ilizunguka kwa kasi ile yote bila kuugusa ukuta, na jani likapita katikati likavuliwa nyama, nyuzi zisikatike. Nani aliyepima nafasi ile? Alimuuliza baba yake. Mzee Sipriani alimjibu ale ubwabwa uliobaki aende nyumbani.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1961 hadi 1967. Shule hiyo ilikuwa na karakana ambamo wavulana wa madarasa ya juu walijifunza useremala na kazi za chuma. Alipofika darasa la tano alikwenda kwa bruda msimamizi akaomba aingie. Bruda alimsikiliza kwa upole, kisha akasema, "Wasichana wana cherehani." Basi akaenda kwenye cherehani, na wiki ya pili akaifungua yote. Alipoirudisha ilishona vizuri kuliko mwanzo, lakini kwenye meza ilibaki skrubu moja ambayo hakujua ilitoka wapi. Aliadhibiwa. Kilichomuuma miaka yote si fimbo. Aliumizwa na jambo moja, kwamba hakuna mtu aliyekubali kumwambia skrubu ile ilikuwa ya wapi.

Alipomaliza shule aliomba chuo cha ufundi, akapangiwa ualimu. Alihitimu Daraja la C mwaka 1970, na Januari 1971 akaanza kazi katika shule ya msingi Kitomanga, akifundisha Hisabati na Sayansi. Mwaka 1984 alihamishiwa hapa Tingi, ambako alifundisha mpaka ugonjwa ulipomzuia. Wengi mliopo hapa mlipita mikononi mwake, na mnakumbuka sentensi yake ya kila siku: "Karibu na sawa siyo sawa." Hakuwa mwalimu wa kupendwa upesi. Mstari uliochorwa bila rula aliufuta mbele yako, akakurudishia daftari.

Tarehe 18 Septemba 1976 alifunga ndoa na Bwana Josephat Mbonde, mzaliwa wa milima ya Kipatimu, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika. Walikutana kwenye mizani. Bwana Josephat alikuja Kitomanga kupima korosho za shamba la shule, na Mwalimu akasema mbele ya watu kuwa mizani inapunja. Ikafunguliwa, ikapimwa kwa mawe ya serikali, ikaonekana iko sahihi. Marehemu hakuwahi kukubali. Miaka thelathini baadaye bado alisema, "Mawe yenyewe nani aliyapima?" Walijaliwa watoto wanne, Brighton, Consolata, Restuta na Rafaeli. Restuta alifariki akiwa mchanga mwaka 1982.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mmekuwa mkilisubiri.

Mwaka 1987 Mwalimu alianza kutengeneza korona ndogo. Aliitaka iwe na kimo cha kukaa juu ya meza ya chakula, izungushwe kwa mkono, na ivue kipande cha jani la mkonge kama ile kubwa ilivyovua jani zima. Watu walipomuuliza ya nini, alijibu, "Ya baba." Mzee Sipriani wakati huo alikuwa amekwisha kuondoka shambani, mishahara ilipoanza kukatika, na alikuwa akilima Kitomanga. Jibu hilo lilitosha. Binti anayemtengenezea baba yake ukumbusho wa kazi ya ujana wake, nani atamsema?

Ngoma aliitengeneza kwa kipande cha bomba la maji. Visu alivikata kutoka kwenye mikanda ya chuma inayofungia marobota ya mitumba, ambayo wakati huo ilianza kuzagaa kila gulio. Kila kisu kilifungwa kwenye ngoma kwa skrubu ndogo zinazopenya bomba na kupokelewa na nati kwa ndani. Hapo ndipo taabu yote ilipokaa. Skrubu ilitakiwa iwe na urefu wa punje ya mchele. Ikizidi, ncha yake iligonga chuma cha katikati, kichwa kikabaki kimeinuka nje, na ngoma ikizunguka kichwa kikakwaruza ukuta. Ikipungua, nati haikushika, na kisu kikaruka. Kimoja kiliruka kikakaa kwenye picha ya harusi, na mpaka leo Bwana Josephat kwenye picha ile ana kovu shavuni.

Mwanzoni skrubu hazikuwepo kabisa. Alizitoa kwenye redio zilizokufa, na zilikuwa fupi kama alivyotaka, ila skrubu za kila redio zilikuwa na meno tofauti. Nati ya redio hii haikuingia kwenye skrubu ya redio ile. Kisha ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ikafika mpaka huku kwetu. Maduka ya Lindi na Kilwa Masoko yakajaa, pakiti juu ya pakiti, zinang'aa. Mwalimu alifunga safari ya kwenda Masoko akiwa na furaha ambayo wanawe walikuwa hawajaiona. Aliingia dukani kwa Bwana Mfaume, ambaye yuko nasi hapa leo.

"Karibu, Mwalimu. Mzee anajenga nini?"

"Mzee hajengi kitu. Nataka skrubu nyembamba hizi, lakini fupi. Hivi." Akamwonyesha kwa kucha.

Bwana Mfaume akamwaga pakiti kaunta. Zilikuwa nyembamba sawasawa, na zote zilikuwa ndefu kama pingili ya kidole. Akafungua pakiti nyingine, kisha nyingine. Urefu mmoja.

"Hakuna fupi?"

"Mwalimu, zamani ulikuwa unalalamika hakuna. Sasa zipo, unalalamika ndefu. Mwambie mzee azikate."

"Nimekwambia mume wangu hajui hata skrubu inaingizwa kwa upande gani!"

Alizinunua. Na kweli ilibidi azikate, moja moja, kwa muda wa miaka.

Anayedhani kukata skrubu ndogo ni kazi rahisi, hajakata. Ukiishika kwa koleo, koleo linasaga meno. Usipoibana sana, inazunguka pamoja na msumeno. Ukifika karibu na mwisho kipande kinaruka, na mara nyingi kinachoruka ndicho ulichokitaka. Ukishakipata, ncha imejaa vinyweleo vya chuma na nati haiingii. Mwalimu aliharibu pakiti nzima kabla hajagundua kwamba nati inafungwa kwanza, skrubu inakatwa, halafu nati inafunguliwa ili ipite juu ya kidonda cha msumeno na kuyanyoosha meno. Ugunduzi huo ulimfurahisha kwa siku moja. Siku ya pili aliukasirikia, kwa sababu ulikuwa rahisi kiasi kwamba lazima kuna mtu duniani aliujua na hakuna aliyemwambia.

Zilizoanguka alizitafuta mchangani kwa sumaku ya spika iliyoharibika. Aliponunua za shaba, akidhani zitakatika kwa urahisi, zilikatika kweli, lakini sumaku haikuzishika. Jioni nyingi mlango wa Mwalimu ulikuwa wazi, na wapita njia walimwona amepiga magoti, khanga imefungwa kiunoni, anachekecha mchanga wa sebuleni kwa ungo. Waliopita walisema, "Pole na kazi, Mwalimu." Hakujibu kila mara.

Mwaka 1993 alisikia kuwa vyuma vya shamba la zamani vinauzwa. Alipanda gari kwenda Lindi na rula na penseli, akitaka kupima korona yenyewe, ile nafasi kati ya ngoma na ukuta, ili aache kukisia. Alikuta msingi wa zege na mabolti yaliyokatwa kwa gesi, usawa wa ardhi. Mlinzi alimwambia lori la chuma chakavu limeondoka juma lililopita.

"Na korona?" aliuliza.

"Vyote, mama. Hata reli."

Alikaa juu ya zege mpaka gari la kurudi. Nyumbani hakumsimulia mtu. Aliendelea kwa kumbukumbu ya mtoto aliyesimama na bakuli, na kumbukumbu hiyo haikuwa na vipimo.

Miaka hiyo nyumbani hapakuwa na utulivu. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameingia, ushirika ukayumba, na mwaka 1994 Bwana Josephat akaachishwa kazi. Mtu aliyekuwa na ofisi na muhuri akawa anashinda nyumbani. Nyumba ilikuwa na meza moja. Asubuhi ilikuwa ya chai, mchana ya madaftari ya wanafunzi, na baada ya hapo ilikuwa ya korona. Siku moja Bwana Josephat alitafuna skrubu ndani ya wali, akaitema kiganjani, akaiweka pembeni ya sahani.

"Mama Brighton, kama unampenda baba yako, mnunulie shati."

Mwalimu aliichukua ile skrubu, akaifuta, akaiangalia kwenye mwanga. "Hii ni nzuri," alisema. "Nimeitafuta tangu juzi."

Hawakuzungumza mpaka Jumapili.

Mwaka 1996 fundi umeme aitwaye Tawakali alikuja kufunga taa za jua kwenye zahanati. Aliomba maji ya kunywa kwa Mwalimu, akaweka vifaa vyake barazani. Mwalimu aliona koleo la kumenyea nyaya, na katikati yake, karibu na kiungo, matundu madogo yaliyopangwa.

"Mwanangu, haya matundu ni ya nini?"

"Sijui, Mwalimu. Yamekuja nayo. Mapambo labda."

Akalichukua. Matundu yalikuwa na meno ndani. Aliingia ndani akaleta skrubu, akaizungusha kwenye tundu la mwisho. Ikaingia kama iliyozaliwa humo. Akabana mpini. Ikasikika tik, na kipande kikaanguka kifuani mwa khanga yake. Ncha ilikuwa safi. Nati iliingia bila kusita.

Tawakali alidhani Mwalimu atafurahi. Mwalimu alikaa chini barazani akafunika uso. Alipofunua alisema, "Miaka tisa." Kisha akauliza koleo kama hilo linauzwa wapi, na jibu ndilo lililomwinua: dukani kwa Bwana Mfaume, linaning'inia mlangoni, upande wa kushoto unapoingia.

Kesho yake alikuwa Masoko. Koleo lilikuwepo, limefifia kwa jua, maana lilikuwa limening'inia pale tangu duka lilipofunguliwa. Alikuwa amelipita kwa bega kila safari.

"Bwana Mfaume! Mara zote nilizokuja hapa kulilia skrubu fupi!"

"Mwalimu, uliomba skrubu," Bwana Mfaume alisema. "Hukuomba koleo."

Alinunua, akatoka bila kuaga, na alipofika nje alirudi kuaga.

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio. Mwishoni mwa mwaka 1997 korona ilikamilika. Ilizunguka bila kukwaruza. Haikuwa inavua jani vizuri bado, ililikatakata, lakini ilizunguka, na sauti yake, ukiweka sikio karibu, ilikuwa na kitu cha ile ngurumo. Mvua za El Nino zilikuwa zimevunja barabara. Hata hivyo, siku chache kabla ya Krismasi Mwalimu alipanda lori la chumvi kwenda Kitomanga, mashine imefungwa kwenye khanga mapajani mwake, na kila gari lilipokwama alishuka nayo kama mtu mwenye mtoto.

Mzee Sipriani alikuwa amekaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea mjukuu mwingine?"

"Subiri uone." Akafungua khanga, akaiweka chini mbele yake, akazungusha mpini.

Mzee alivuta mkono wake haraka, akauficha kwapani. Mwalimu alidhani hajaona vizuri, akazungusha zaidi.

"Umeipata wapi hii?"

"Nimeitengeneza mwenyewe. Ni korona, baba. Miaka kumi nimeitengeneza. Ni yako."

"Mikaeli unamkumbuka?" Mzee aliuliza.

Alimkumbuka. Alikuwa jirani yao kambini, mtu wa mkono mmoja aliyewatengenezea watoto firimbi. "Yule aliyezaliwa bila mkono."

"Nani aliyekwambia alizaliwa hivyo?"

Aliyemwambia alikuwa mama yake.

"Yeye alilisha kulia, mimi kushoto," Mzee alisema. "Jani lilimvuta. Nilimshika kiuno nikavuta, na mashine ikavuta. Wewe ulikuwa mdogo, mwaka hamsini na nane. Tuliwaambia amezaliwa hivyo, maana siku iliyofuata ulikuwa uje pale pale kuniletea chakula." Akageuza uso. Yaliyofuata aliyasema kwa Kimakonde, lugha aliyoitumia akikasirika au akisali: aifunike, na asiilaze ndani ya nyumba yake hata usiku mmoja.

Iliwekwa kwenye banda la kuku. Asubuhi Mwalimu aliichukua akarudi Tingi.

Bwana Josephat alipoiona imerudi, na kuelezwa yaliyotokea, alimhurumia mkewe kwa dhati. Alimchemshia chai. Kisha akasema neno alilodhani ni la faraja. "Basi, mama Brighton, angalau yamekwisha. Unaweza kuiacha sasa."

"Kuiacha?"

"Si ilikuwa ya baba yako? Na baba yako ameikataa."

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Haikuwa ya baba," alisema. "Haijawahi kuwa ya baba. Ni yangu. Mimi ndiye ninayetaka kuiona ikizunguka. Ningesema hivyo mwaka themanini na saba, mngeniacha? Mwanamke mzima, mwalimu, mama wa watoto, anakata vyuma kwa sababu anapenda! Mngeniita mgonjwa. Niliposema ni ya baba, hata wewe uliniletea taa ya kufanyia kazi usiku."

Bwana Josephat ametuambia tuyaseme haya hapa. Anasema siku hiyo alijua kwamba miaka ishirini na moja ya ndoa alikuwa hajawahi kumuuliza anapenda nini.

Hakuiacha, lakini hakuwa na amani nayo tena kama mwanzo. Alichokitazama utotoni kwa mshangao kilikuwa kimemla mtu, na yeye alikuwa amesimama pale akihesabu uzuri wake. Mwaka 1998 aliongeza kitu mdomoni mwa mashine, kibati chembamba chenye mwanya wa kupitisha jani tu, ili mkono usiweze kuingia. Katika korona ya ukubwa ule hata kidole cha mtoto kisingeingia. Brighton alimweleza hivyo. Alijibu, "Najua," akaendelea kukata skrubu za kukifunga kibati, fupi kuliko zote alizowahi kukata.

Alipokwenda Kitomanga mwaka huo alimwambia baba yake, "Nimeiwekea kizuizi."

Mzee alifikiri. "Kizuizi kilitakiwa mwaka hamsini na nane," alisema. Hilo ndilo neno la mwisho walilozungumza kuhusu korona. Mzee Sipriani alifariki Machi 1999.

Mwaka 2001 marehemu aligundulika kuwa na kisukari. Alifuata masharti ya chakula kama alivyotaka wanafunzi wafuate masharti ya pembetatu, lakini ugonjwa haukumheshimu. Macho yalififia kwanza, kisha ncha za vidole zikafa ganzi. Hakuweza tena kujua kama ameshika skrubu au ameshika hewa. Alikasirika kuliko tulivyowahi kumwona. Alitupa vitu. Mwaka 2003 alimwachia mwenzake darasa la Hisabati, akabaki na maktaba, ambako hapakuwa na vitabu vingi.

Hapo Bwana Josephat, bila kuombwa, alivuta kiti upande wa pili wa meza. Akawa anakata yeye. Mwalimu alikuwa haoni vizuri, ila alisikia.

"Umekata fupi."

"Umejuaje?"

"Nimeisikia ilivyoanguka. Kata nyingine."

Walikorofishana hapo kila siku. Majirani waliokuwa wakisikia kelele na kudhani ndoa imeharibika, familia inapenda kuwaeleza kwamba walikuwa wakikata skrubu.

Jumamosi baada ya Pasaka mwaka huu, Bwana Josephat alizungusha mpini na Mwalimu akalisha kipande cha jani la mkonge kupitia ule mwanya. Ngoma haikulikata. Kwa nyuma zilitoka nyuzi, nyeupe, ndefu, hazijavunjika. Consolata alikuwepo, alipiga kigelegele mpaka watu wakaja kuuliza nani amejifungua. Mwalimu alizishika nyuzi, hakuzihisi vidoleni, akazipitisha mdomoni. Tulingoja aseme.

"Si mbaya," alisema. "Lakini ngoma inatetemeka upande wa kushoto. Fungua yote."

"Leo?" Bwana Josephat aliuliza.

"Unataka iendelee kutetemeka?"

Ikafunguliwa yote. Mwezi Juni figo zilianza kumsumbua, akalazwa Kilwa Kivinje, akarudi, akalazwa tena mwishoni mwa Agosti. Wauguzi walimhudumia vizuri na familia inawashukuru. Kwenye kitanda cha hospitali alimwambia Rafaeli kwamba mtetemo ule anadhani ameujua chanzo chake, akaanza kueleza, akachoka, akasema atamalizia kesho. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Septemba 2006, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Rafaeli amejaribu kukumbuka maneno yale tangu siku hiyo. Anasema yalikuwa kuhusu kisu kimoja kizito kuliko kinachokitazama, lakini hana uhakika, na asiye na uhakika mama yake hakumpa maksi.

Waombolezaji, korona iko mezani kama alivyoiacha, vipande vyake vimetandazwa juu ya gazeti. Hakuna kati yetu anayejua kuirudisha, na wala hatuna hakika kama tuirudishe ikitetemeka au tutafute kosa kwanza. Kina mama mnaosaidia kufagia ndani, tunaomba meza hiyo msiiguse. Chakula kitapakuliwa nje.

Marehemu ameacha mume, Bwana Josephat Mbonde, watoto watatu, Brighton, Consolata na Rafaeli, wajukuu watano, mama yake mzazi, Bibi Consolata, ambaye hakuweza kusafiri, ndugu wanne, na wanafunzi wa Kitomanga na Tingi ambao leo wengine ni walimu na wanafuta mistari ya wenzao.

Mwenyezi Mungu ampokee Mwalimu Skolastika, amlaze mahali pa utulivu, na amwambie alichokosea. Mwalimu hatamwacha Mungu apumzike mpaka ajue.